Mahali Tina Alipoketi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniamsha leo bila king'ora wala paredi, na aliyeniachia magoti yanayoweza bado kusujudu, ingawa kuinuka kumekuwa kazi nyingine. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, nawaandikia nyinyi vijana mliobaki kwenye kikosi cha mbwa, kwa sababu mliniomba siku ya kuniaga, na siku hiyo nilikuwa nimechoka mno kusema lolote la maana. Nilikula keki, nikaipokea saa ya ukutani mliyonipa, nikarudi nyumbani mtaa wa Satellite nikalala.

Sitaeleza habari za vyeo wala mshahara. Ya vyeo anayajua aliyenipa, na ya mshahara anayajua mke wangu.

Nilipoajiriwa, polisi wa nchi hii walikuwa pande mbili. Kulikuwa na sisi wa vituo, na kulikuwa na askari tawala, waliokaa karibu na machifu na wakuu wa wilaya. Tulivaa tofauti, tukapokea amri kutoka kwa watu tofauti, na tulipokutana barabarani tulisalimiana kama wake wenza. Baadaye tukawekwa chini ya mkuu mmoja, sare zikabadilishwa, na neno "jeshi" likaondolewa likawekwa "huduma". Mbwa hawakuarifiwa. Wao waliendelea kutambua mtu kwa jasho lake, na nadhani hilo liliwaokoa na semina nyingi.

Miaka ya mwanzo nilitembea doria katikati ya mji. Nilizaliwa huko huko. Baba yangu alitoka pwani akiwa kijana, akawa mwalimu wa madrasa katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa la Singasinga mmoja, mtu mpole ambaye alipanda ngazi kila Ijumaa kutuletea maziwa. Kwa hiyo niliijua mitaa ile tangu nikiwa na mkoba wa juzuu, na nilipoirudia na kirungu mkononi, wenye maduka walinisalimia kwa jina la baba yangu. Ilikuwa doria nyepesi. Watu huona haya kumdanganya mtoto wa mwalimu wao.

Kisha asubuhi moja, kwenye paredi, jina langu likasomwa katika orodha ya uhamisho, na baada ya jina yakafuata maneno "kikosi cha mbwa". Kila mtu alijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikienda nyuma ya jengo kuswali. Kicheko kilianzia mstari wa nyuma kikafika mbele. Mmoja akasema Ustadh amepata wanafunzi wapya. Nilidhani kuna mkubwa aliyetaka kuniadhibu. Miezi mingi baadaye karani aliniambia ukweli: walitaka mtu asiyekunywa pombe, kwa sababu kikosi kile huitwa wakati wowote, na mbwa hamheshimu mlevi. Basi nilipelekwa kwa mbwa na dini yangu mwenyewe.

Jioni ile nilipanda ngazi kwa baba. Nilimweleza, nikamwambia nafikiri kuacha kazi. Alinimiminia kahawa, akasubiri ipoe, akanikumbusha habari za vijana wa pangoni, jinsi Mwenyezi Mungu alivyowataja pamoja na mbwa wao aliyelala mlangoni. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote.

"Kazi ni halali. Mate ni najisi. Usichanganye mambo mawili. Mate yanaoshwa."

Akanionyesha upya kana kwamba mimi ni mtoto wa juzuu ya kwanza: palipoguswa na mate au manyoya yaliyolowa huoshwa mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo safi. Nguo za kazi zisiwe nguo za sala. Basi, akasema, nenda ukatafute udongo.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Sajini Nzioka. Alikuwa mtu mwembamba wa Ukambani, mzee wa kanisa lao, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mbwa walilazimika kutulia ili wamsikie. Siku ya kwanza hakunipa mbwa. Alinipa ufagio, kisha sindano nene na uzi wa kushonea mikanda ya ngozi. Mkanda wa kifuani, alisema, ukimchubua mbwa, ataanza kufikiria ngozi yake na si kazi yako. Kamba ndefu ya kufuatia nyayo nayo nilifundishwa kuipitisha kiganjani kama mtu anayepima kitambaa, isilegee, isivute. Mambo hayo bado nayaona yakipuuzwa, na kamba zenu zina mafundo ambayo Nzioka angeyafungua kwa meno huku akiwatazama.

Alikuwa na misemo miwili. Wa kwanza ni kwamba mbwa hamjui mwizi, mbwa anajua harufu. Wa pili ulihusu kichwa: kichwa kikiwa chini, anafanya kazi, kichwa kikipanda juu, anawaza yake. Alirudia misemo hiyo hadi nikaichukia. Nawaomba msichoke kuirudia.

Kisha akanipa Tina. Alikuwa mbwa jike wa Kijerumani, mweusi mgongoni, sikio moja limekatika ncha. Alifunzwa kwa amri za Kiingereza, na aliijua lugha hiyo kuliko baadhi yetu. Aliyempa jina hilo hakufikiri kwamba siku moja nitalazimika kumwita kwa sauti, "Tina, sit," mbele ya mke wa kamanda, ambaye naye aliitwa Tina. Yule mama aliketi.

Sasa udongo. Uani kwetu kikosini hakukuwa na shubiri moja ambayo mbwa hawakuipitia, na mji wenyewe umefunikwa kwa lami na saruji. Nilikuwa tayari nimehamia Satellite, na njiani kuelekea Kabiria kulikuwa na kitalu cha miche cha mtu aitwaye Mzee Lihanda, aliyehamia hapo kutoka Kangemi. Aliuza miche ya miti, maua ya uani, na miparachichi. Nilipomwambia nataka udongo safi usio na samadi, aliniuliza ninapanda nini. Nikamweleza bila kuficha. Hakucheka. Alinipeleka nyuma, ambako alikuwa na pipa lililopasuliwa katikati na moto chini yake, akikaanga udongo juu ya bati kama mtu anayekaanga kahawa. Alisema mbegu changa huuawa na ukungu wa ardhini, kwa hiyo udongo wa kuziotesha ni lazima uchomwe kwanza na kuchekechwa.

"Huu hauna kitu ndani," akasema. "Hata mdudu."

Tangu siku hiyo alinitengea mkebe, akauita udongo wa Ustadh. Ulikuwa mwekundu, laini kama unga, na ulikuwa na harufu yake, kama mvua iliyoanguka juu ya jiko.

Ule mkebe niliubeba nyuma ya gari la kikosi. Mwanzoni Nzioka aliutazama kwa mashaka, lakini wiki iliyofuata nilikuta ameuchongea kisanduku cha mbao ili usimwagike kwenye matuta. Utaratibu wangu baada ya kila kazi ukawa huu: namfungua Tina mkanda, nafungua mkebe, naosha mikono na vigasha kwa udongo na maji, nabadilisha shati, naswali upande wa kivuli wa gari. Nikimaliza namrushia Tina kipande chake cha nyama kwa koleo refu ili nisijichafue upya. Udongo, sala, nyama. Miaka ikapita hivyo. Mimi niliiona ibada yangu. Sikufikiria yeye anaona nini.

Watu hudhani kikosi cha mbwa ni kufukuza majambazi. Kwa sehemu kubwa ni kufika mahali ambapo kila mtu ameshafika. Sisi tulikuwa wa vituo vyote na hatukuwa wa kituo chochote. Tuliitwa na kituo fulani, tukafanya kazi chini ya mkuu wake, yule tunayemwita OCS, tukaondoka bila kujua kesi iliishaje. Mara nyingi tulikuta majirani, mashemeji na wauza karanga wamekanyaga kila kitu, na askari wa kwanza kufika ameshika kufuli kwa mikono miwili ili atuonyeshe jinsi lilivyovunjwa. Lakini tuliaminiwa. Hilo ndilo lililokuja kuwa mzigo. Raia asiyemwamini polisi hata kwa salamu alimwamini Tina kama kadhi.

Asubuhi tuliyoitwa Kabiria, kisiagi cha unga kilikuwa kimevunjwa na mota yake imeng'olewa. Mlinzi wa pale, mzee aliyependwa na akina mama wote wa mtaa ule kwa sababu aliwashikia watoto wakati wa foleni, alikuwa amepigwa kichwani na kupelekwa hospitali akiwa hasemi. Watu walikuwa wamejaa, na hawakuwa wakipiga kelele. Mtu aliyekaa katika kazi hii anajua kwamba umati ulionyamaza ndio wa kuogopa.

Wezi walikuwa wameacha kipande cha kamba waliyofungia mota. Safari hii, kwa bahati, hakuna aliyekuwa amekigusa. Nilimnusisha Tina, akashika njia. Alikwenda vizuri sana, kichwa chini, kati ya nyumba za mabati, akavuka mfereji, akapita nyuma ya kibanda cha mandazi bila hata kugeuka, nami nilijua kwamba hiyo si kazi ndogo. Umati ulitufuata. Inspekta wa upelelezi, kijana mkakamavu aliyeletwa karibuni kwenye kituo kilichotuita, alitembea ubavuni mwangu akiwazuia watu wasitukanyagie kamba.

Tulipofika barabarani, njia ikakatika. Palikuwa na alama za magurudumu ya mkokoteni pembeni ya lami, kisha hakuna kitu. Tina alizunguka mara moja, akazunguka tena. Kisha akainua kichwa.

Nilikiona kichwa kile kikipanda, na moyo wangu ukashuka. Upepo ulikuwa unatoka upande wa bondeni. Tina alinivuta kuvuka barabara, akaongeza mwendo, akaingia kati ya mistari ya miche, akaketi mbele ya Mzee Lihanda, ambaye alikuwa amesimama kando ya pipa lake na sepetu mkononi.

Lihanda alitabasamu. Hakuwa ameuona umati uliokuwa nyuma yangu.

"Ustadh, karibu," akasema. "Udongo wako bado uko moto."

Ndipo nikasikia mtu nyuma akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe wanajuana." Na mwanamke mmoja akasema, naye bila kupaza sauti, "Mbwa hadanganyi." Baada ya hapo miche ikaanza kukanyagwa.

Tulimwingiza Lihanda kwenye gari kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumtoa pale akiwa hai. Alikaa nyuma na Tina, na Tina akaweka kidevu chake juu ya kiatu cha mzee akafumba macho, kama afanyavyo mbwa aliyemaliza kazi. Nilimwambia Inspekta palepale kwamba huyu hakufuata nyayo, alifuata upepo. Alinijibu kwamba tuzungumze kituoni.

Kituoni tukazungumza. Niwaeleze vijana jambo linalostahili kujulikana: wizi wa mabavu, mtu akiumizwa, hukumu yake katika sheria zetu ni kifo. Lihanda hakuwa ameshikwa kwa kuiba kuku. Mlinzi alikuwa bado hasemi, wakubwa walikuwa wamepiga simu kuuliza kama kuna mtu amekamatwa, na OCS alikuwa tayari amejibu ndiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kujibu ndiyo.

"Mbwa ameketi, Ustadh," Inspekta akasema. "Si ni wewe ulitufundisha, akiketi amefika?"

"Amefika mahali pake, Afande. Si mahali petu."

"Sasa hiyo nitaiandika namna gani?"

Nikawaeleza habari yote, tangu pipa hadi koleo. Nilieleza kwamba kwa miaka mingi Tina amenusa udongo ule kila kazi inapoisha, na nyama ikafuata. Njia ilipokatika barabarani alichanganyikiwa, akanusa kwenye upepo kile ambacho kwake ndicho mwisho wa kazi yoyote, akakiendea. Nilipomaliza, koplo aliyekuwa mlangoni akageukia ukuta mabega yakimtikisika.

OCS hakucheka. Alisugua macho yake.

"Unataka niende Kabiria niambie hao watu nini? Kwamba mbwa alikuwa anaenda kuswali?"

"Alikuwa anaenda kula, Afande. Anayeswali ni mimi."

"Unajua ukisema hii maneno, mawakili watafungua kila kesi huyu mbwa amewahi kufanya?"

"Najua."

"Na yeye tutamtoa kazini."

Hilo nalo nikasema nalijua. Nilikuwa nimelijua tangu barabarani, kichwa kilipopanda. Nilimwomba kitu kimoja tu, anipe asubuhi ya kesho kabla ya paredi, nimwonyeshe. Kama nimekosea, aandike anavyotaka.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumwona Lihanda selo. Alikuwa amekaa juu ya viatu vyake ili sakafu isimpige baridi. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama kuna mtu anayeweza kumwagilia miche iliyobaki, kwa kuwa miparachichi ilikuwa imetoka tu kupandikizwa. Kisha akaniuliza, polepole, nilimwambia nini mbwa yule juu yake. Nilimjibu kwamba sikumwambia chochote, nilimzoesha udongo wake.

"Basi nimeponzwa na udongo," akasema. "Wenzangu humu ndani wameponzwa na pombe. Angalau mimi niko safi."

Nikapita kitaluni nikamwagilia nilivyoweza, nikiwa bado na sare, watu wakinitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyenisalimia.

Asubuhi nilimkabidhi Tina kwa Sajini Nzioka, asije mtu akasema nilimwelekeza kwa kamba. Nilifunga gao la udongo katika kitambaa, nikampa OCS, nikamwambia ampe askari yeyote ampendaye auweke mfukoni, nami nisijue. Kisha nikasimama pembeni, mgongo ukutani. Askari walijipanga uani. Inspekta alisimama kati yao, na OCS mwenyewe mwishoni. Nzioka alimnusisha Tina kile kipande cha kamba ya wezi, kama siku iliyotangulia, akampa amri kwa sauti yake ya chini.

Tina alishusha kichwa. Alinusa viatu vya mmoja, vya wa pili, akaupita mstari mzima, akarudi. Hakupata kitu, kwa sababu hapakuwa na mwizi. Kisha kichwa kikapanda. Alimvuta Nzioka kupita katikati ya uwanja akaenda moja kwa moja hadi kwa OCS, akaketi, akautazama mfuko wa koti lake, akapiga mkia chini.

Kisha kutoka upande wa pili wa mstari, konstebo mmoja ambaye sitamtaja kwa sababu sasa ni mkubwa, akauliza kwa heshima zote:

"Afande, wewe tukupeleke selo gani?"

OCS alitoa kile kitambaa mfukoni akakishika mbele yake kama mtu aliyeokota kitu ambacho hakumbuki kukipoteza. Angeweza kumpa yeyote. Alikuwa ametaka kujua, basi akajua kwa mwili wake mwenyewe. Nimewahi kufanya kazi chini ya watu wengi wenye nyota mabegani, lakini huyo ndiye ninayemwombea dua kwa jina lake.

"Mfungulie mzee," akamwambia Inspekta. Kisha baada ya hatua chache akageuka. "Na muanzie pale barabarani, pale njia ilikatika."

Inspekta alianzia pale. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka, nayo ni maradhi yanayopona. Alifuata habari za mkokoteni hadi Kangemi, na mota ikapatikana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mlinzi alirudiwa na maneno, ingawa si yote, na aliowataja hawakuwa na udongo mikononi. Mmoja alikamatwa. Wengine hawakupatikana. Mkitaka kazi ambayo kila kitu hufungwa vizuri, nendeni mkashone magunia.

Lihanda alirudi nyumbani, lakini kufunguliwa mlango wa selo si sawa na kuachiliwa. Habari ya kitambaa na mfuko ilikuwa ndefu, na ya mbwa kuketi ilikuwa fupi. Ile fupi ndiyo iliyotembea Kabiria. Watu waliokuwa wakisimama kuuliza bei ya miche walianza kuvuka upande wa pili. Mwenye kisiagi hakujibu salamu zake. Watoto walipopita walikuwa wakichuchumaa mbele ya kitalu, wakiketi kama Tina, kisha wakikimbia. Lihanda alinieleza hayo bila kulalamika, akikaanga udongo wake, lakini niliona ameanza kuongea akitazama chini, yeye ambaye alikuwa akitazama watu machoni. Jina la mtu likivunjwa hakuna fundi wa kuliunga.

Tina, kama OCS alivyosema, aliondolewa kazini. Kamati ilikaa, ikakubaliana kwamba mbwa anayeketi mbele ya udongo si mbwa wa mahakamani, na siwezi kuwalaumu. Alikuwa pia ameanza kuzeeka. Nyinyi mnajua wakati ule mbwa asiye na kazi alikabidhiwa kwa nani: kwa daktari wa mifugo na sindano yake. Kumchukua kwangu sikuweza. Nyumba yangu ni ndogo, tunaswali humo humo, na mafundisho ya baba yangu juu ya mbwa ndani ya nyumba hayakuwa na mlango wa nyuma. Nzioka aliuliza kwa wakubwa, akaambiwa kanuni ni kanuni.

Nilimpelekea Lihanda habari hiyo kwa sababu nilidhani ana haki ya kujua. Nilitarajia anyamaze, au aseme afadhali. Aliweka sepetu chini.

"Nipeni mimi," akasema.

Nilimwambia asifanye hivyo kwa kunionea huruma.

"Si huruma, Ustadh. Hawa watu waliona ameketi kwangu siku moja, hawajasahau. Wacha aketi kila siku. Wataona wee, mpaka wachoke kushangaa."

Nilimrudia yule OCS. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema kanuni inakataza mbwa kupewa mtu binafsi, lakini haijasema lolote juu ya mbwa kuwekwa mahali pa ulinzi katika eneo la kituo. Alimwandikia mkuu wetu, wakabishana kwa wiki kadhaa, na mwishowe nikampeleka Tina Kabiria mwenyewe, kwa gari lile lile, bila mkanda wa kifuani.

Alishuka, akanusa, akaenda kando ya pipa akaketi. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini, akalala ubavu.

Ikawa kama Lihanda alivyosema. Wiki za kwanza watu walisimama kutazama. Watoto walichuchumaa, Tina akawatazama, nao wakaona haya. Kidogo kidogo mbwa aliyeketi kwa Mzee Lihanda akawa ni mbwa wa Mzee Lihanda tu, na watu wakawa wanamruka ili kufikia miche. Siku moja mwenye kisiagi alikuja kununua mparachichi. Alimpapasa Tina kichwani, akamuuliza Lihanda kama huyu anauma. Lihanda akamjibu kwamba hajui, hajawahi kumpa sababu. Waliongea hapo mpaka chai ikaletwa. Lihanda alinisimulia hayo mara nyingi, kila mara akiitaja ile chai.

Mimi niliendelea na mbwa wengine, Mungu awajazie heri waliowafunza. Tangu hapo nilichota udongo mahali tofauti kila mara, leo Dagoretti, kesho kando ya mto, na nyama niliitoa kabla ya kuosha. Vijana, lichukueni hili hata kama mtaacha mengine: kila mmoja wenu ana mazoea yake, awe ni mwenye uvumba, mwenye sigara, au mwenye kujipaka mafuta ya mgongo. Mbwa anayasoma mazoea hayo kabla nyinyi wenyewe hamjayajua. Na mbwa wako akiketi, usiulize ni nani aliye mbele yake. Uliza kichwa chake kilikuwa wapi.

Nzioka alistaafu akarudi kwao, akafariki huko. Baba naye alitangulia. Tina aliishi miaka yake iliyobaki kitaluni na akafa mchana mmoja akiwa pale pale kando ya pipa. Lihanda alimzika nyuma, chini ya mparachichi uliokataa kununuliwa.

Sasa baada ya sala ya alasiri mimi hutembea taratibu hadi Kabiria. Lihanda amezeeka kuliko mimi ila mikono yake haijajua. Ananipa kigoda, anakaanga, mimi natazama. Sina mbwa, sihitaji udongo, lakini kila Ijumaa hunijazia mkebe kwa mazoea, nami huupokea. Nimeona jambo ambalo nilimwambia yeye peke yake. Moshi ule ukinifikia, mabega yangu hushuka yenyewe, miguu ikaacha kuuma, na usingizi ukaanza kunijia nikiwa nimeketi. Lihanda alinitazama akasema kumbe tulifunzwa wawili kwa gharama ya mmoja. Nilikuwa nimeketi.

Ewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akuruzuku kazi ya halali na uchafu unaoosheka. Akulinde usimhukumu mtu kwa mahali ambapo mwingine ameketi. Na siku yako ya mwisho ya kazi ikifika, akuonyeshe mahali pa kulala ubavu bila hofu, na akupe jirani atakayekukaribisha hapo. Amina.